Mabarista wapya, hebu tusemezane kuhusu kahawa iliyochakaa

Leo nimemtazama kijana wa zamu ya asubuhi akimimina mfuko mpya kwenye hopa (chombo cha kahawa cha mashine ya kusagia) juu ya mabaki ya jana, kisha akaenda kupangusa vikombe huku akipiga mluzi. Nimenyamaza kwa sababu kulikuwa na wateja. Sasa hawapo.

1. Someni tarehe ya kukaangwa. Ile ya mwisho wa matumizi inamlinda muuzaji tu. Kahawa ya miezi kumi haitamdhuru mtu, lakini ladha yake ilishaondoka zamani. Mfuko usioonyesha ilikaangwa lini, msiupokee.

2. Mpya kupita kiasi nayo inasumbua. Kahawa iliyotoka kukaangwa leo imejaa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo inayasukuma maji, unga haulowi sawasawa. Mnapata krema (povu la juu ya espreso, ile kahawa nzito ya mashine) kibao yenye mapovu makubwa, mnafurahi, halafu mkionja ni ukali mtupu. Kwa espreso ipeni kama wiki moja ipumzike, na iliyokaangwa kidogo hata mbili. Ya kuchuja, siku nne tano zinatosha. Vali iliyo mfukoni iko pale ili gesi itoke na hewa isiingie. Haikuwekwa ili kila anayepita aminye anuse. Nawaona. (Mimi pia naminya.)

3. Hili nalisema kwa aibu. Nilipokabidhiwa kaunta kwa mara ya kwanza, nilitafuta mitungi mikubwa ya kioo yenye vifuniko vya mbao. Nikafungua mifuko yote iliyokuwa stoo, nikaimimina humo, nikaipanga juu ya mashine ya espreso, pale pale vikombe vinapopata joto, chini ya taa. Wateja walipiga picha, nami nikajiona fundi. Joto, mwanga na hewa: maadui wote watatu niliwakaribisha mwenyewe na kuwapa kiti.

Haukupita muda shoti, yaani vile vikombe vidogo vya espreso, zikaanza kukimbia. Gramu zile zile 18, lakini badala ya sekunde 28 kikombe kinajaa kwa 17, na krema imepauka, inatoweka hata kabla sijaweka kijiko kwenye sahani. Nikasaga laini zaidi. Mwendo ukatulia kidogo, ladha ikawa kama mbao. Nikailaumu mashine ya kusagia. Nikamwambia bosi kwamba meno yake yameisha, naye akaamini, maana nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Akanunua meno mapya, na si kitu cha bei ya kutupa. Fundi akayafunga, tukavuta shoti, ikakimbia vile vile. Yule fundi hakubishana nami. Alifunua mtungi mmoja, akapitisha kidole kwenye ukuta wake wa ndani, kikatoka na mafuta ya kahawia yanayonata, akaniambia ninuse. Karanga zilizovunda. Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakunikata hata senti, afadhali angenikata, kwa sababu tangu siku ile kila mfanyakazi mpya alionyeshwa ile mitungi, sasa imejaa sukari, na kusimuliwa imefikaje pale.

4. Hopa ioshwe, ikauke kabisa, ndipo mjaze. Jazeni ya saa chache tu. Iliyokaangwa sana ndiyo ya kuwahi kuimaliza, mafuta yake yako nje tayari.

5. Friji, hapana. Kila mkifungua na kufunga, unyevu unatua juu ya kahawa, na harufu za vyakula zinaingia. Friza inafaa, mradi mmeigawa kwenye vifuko vidogo visivyopitisha hewa. Kifuko kikitoka kiacheni kwanza kipoteze ubaridi kikiwa kimefungwa. Najua kuna atakayekifungua papo hapo.

6. Sageni oda inapoingia. Unga una uso mpana mno wa kukutana na hewa, harufu inaanza kukimbia ndani ya dakika chache. Mambo ya kusaga ya asubuhi nzima "ili tuwahi foleni" sitaki kuyasikia tena.

7. Mkiwa na shaka, pimeni kwa kuchuja: gramu 15 za unga, maji ya moto gramu 30, subirini nusu dakika. Iliyo hai inaumuka na kutoa mapovu. Ikilala bapa kama tope, msianze kugombana na birika.