Jibu: hiyo plastiki ya nano inaishia wapi mwilini?
Mkuu umeuliza hizo chembe za nano (vijiplastiki vidogo mno vinavyobeba dawa mwilini) zikishashusha dawa si zinabaki mwilini kama yale marambo (mifuko ya plastiki) ya soko la Mwaloni Kirumba kabla hayajapigwa stop 2019, hapana bana, hii ni polima (molekuli ndefu kama mnyororo, ndo plastiki zilivyo) nyingine kabisa, inaitwa PLGA, ikikutana na maji inakatika taratibu inatoa asidi ya laktiki, ileile misuli inayotoa ukikimbia kupanda kilima cha Bugando (mi siwezi), na asidi ya glaikoliki, mwili unazigeuza maji na kaboni dayoksaidi.

Kubebesha chembe hizo jeni badala ya dawa ndo kimbembe. Jeni ni kipande cha DNA, na DNA ina chaji hasi, utando wa seli nao hasi, zinasukumana, inabidi polima yenye chaji chanya iifunge kwanza, na chaji ikizidi inaua seli yenyewe.