Nilimnyima mtu kazi kwa kesi isiyo yake: jinsi ya kuchunguza rekodi ya jinai

Nina shule ndogo ya chekechea hapa Mamboleo, Kisumu, Kenya. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa natafuta dereva wa gari la watoto. Aliyekuja alikuwa mtu wa Bungoma, mpole, leseni yake haina doa, na alipolijaribu gari hata shimo la pale karibu na lango alilipita bila kututikisa. Nilimpenda. Lakini watoto wa watu ni amana, nikasema siwezi kumkabidhi kabla sijajua kama ana rekodi ya jinai.

Jirani akanielekeza kwa kijana mmoja "mwenye watu wake ndani". Nikamtumia shilingi elfu mbili kwa simu pamoja na majina matatu ya dereva. Kesho yake jioni akanipigia: huyo mtu ana kesi ya wizi Bungoma. Sikuuliza swali la pili. Dereva alipokuja Jumatatu nilimwambia nafasi imeshapata mtu.

Kilichonisumbua baadaye ni yale majina. Ukienda Bungoma ukaita "Wafula" sokoni, watageuka watu kumi. Kila aliyezaliwa wakati wa mvua ni Wafula, wa njaa ni Wanjala, wa mavuno ni Wekesa. Kwetu Wajaluo ni vivyo hivyo: aliyezaliwa usiku ni Otieno, alfajiri ni Omondi. Weka jina la ubatizo mbele na jina la baba nyuma, bado utapata watu wawili watatu wenye majina yote matatu sawasawa katika kaunti moja. Nikamsumbua yule kijana mpaka akanitumia nambari ya kesi, na nilipokwenda matanga Bungoma miezi miwili baadaye nikapitia mahakamani.

Karani wa masjala aliniambia niandike barua fupi ya kuomba kukagua faili, nikalipa ada ndogo, nikasubiri kwenye benchi. Faili lilikuja limefungwa kwa uzi. Karatasi ya kwanza ilikuwa hati ya mashtaka, na juu yake kuna vijisanduku: jina, nambari ya kitambulisho, jinsia, umri, anwani. Majina yalikuwa yale yale matatu. Umri, miaka 51. Dereva wangu alikuwa na 34. Nambari ya kitambulisho haikufanana hata kidogo. Nikageuza kurasa hadi mwisho, nikakuta kwamba hata huyo mzee wa miaka 51 hakuhukumiwa: mlalamishi alikosa kufika kortini, na hakimu akamwachilia chini ya kifungu cha 202 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai.

Nilimpigia dereva simu nikiwa bado nje ya korti. Alikuwa ameshapata kazi Nakuru. Nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, ungeniuliza tu."

Naandika haya kwa sababu ya maneno hayo, na kwa sababu wazazi, wenye nyumba za kukodisha na wenye biashara bado huniuliza "nitapataje rekodi ya mtu wa kaunti fulani?"

Kwanza, kaunti haina rekodi hizo. Ukiandika swali hili kwenye intaneti utaletewa tovuti za Marekani, ambako kaunti ina korti yake na karani wake anayetunza mafaili. Kwetu, Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati, masoko na chekechea, lakini polisi na mahakama zilibaki za taifa. Ofisi ya gavana haina cha kukupa. Kumbukumbu za alama za vidole za walioshtakiwa ziko kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, nchi nzima pamoja. Faili la kesi nalo linakaa katika korti iliyosikiliza kesi, na kaunti moja ina korti kadhaa: Kisumu kuna ya mjini, Winam, Maseno, Nyando na Tamu, Bungoma kuna ya mjini, Webuye, Kimilili na Sirisia. Mtu akikuambia "nilishtakiwa Bungoma", muulize korti gani na mwaka gani.

Pili, huwezi kuchukua rekodi ya mtu mwingine kwa DCI bila yeye mwenyewe, na haifai uweze. Faragha iko kwenye Ibara ya 31 ya Katiba, na tangu 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data. Nilichofanya mimi na ile elfu mbili kilikuwa kosa, na kilinipa habari mbovu juu ya hapo. Njia ni moja: mwenye rekodi aombe cheti chake cha tabia njema, akuletee.

Anaomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, upande wa DCI. Nilipomlipia dereva niliye naye sasa, ilikuwa shilingi 1,050. Kisha anachapisha fomu iitwayo C24 pamoja na risiti ya malipo, anachukua kitambulisho halisi na nakala yake, anakwenda Huduma Centre, yaani kituo cha huduma za serikali, au ofisi ya DCI kuchukuliwa alama za vidole. Hapo kwenye C24 watu wengi hurudishwa: inatakiwa karatasi moja, mbele na nyuma. Saiba nyingi zitakuchapishia karatasi mbili usipowaambia.

Nilimsindikiza dereva siku hiyo kwa hiyo niliona. Afisa alipaka wino kwenye kibao, akamshika kidole kimoja kimoja na kukiviringisha kutoka ukingo hadi ukingo. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na kovu la zamani la mnyororo wa baiskeli, na kovu lile likatokea kwenye karatasi kama mstari mweupe umekata shamba katikati. Nikawaza, hiki ndicho majina hayawezi kufanya. Kama mtu wenu ni fundi wa mawe au mfua nguo na vidole vimesuguka, aoshe mikono kwa sabuni na apumzike kazi ngumu siku mbili tatu kabla ya kwenda, la sivyo alama hutoka ukungu na anaambiwa arudi.

Cheti kikiwa tayari kinapakuliwa kwenye akaunti yake ya eCitizen. Na hapa nawasihi: usikubali karatasi tu. Kuna vijana hodari wa kompyuta wanaobadilisha jina na tarehe kwenye cheti cha mwingine, na kwa macho huwezi kutofautisha. Mwombe kwa heshima akifungue mbele yako kwenye simu yake, akipakue mkiwa mmekaa pamoja. Asiye na la kuficha hafanyi shida.

Kuhusu gharama, mlipie. Mtu anayetafuta kazi ya elfu kumi na mbili kwa mwezi hana 1,050 ya kupeleka kwa kila mwajiri, na nauli juu yake. Tena Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri asidai vyeti vya aina hii kabla hajakusudia kumpa mtu mkataba wa maandishi. Kwa hiyo zungumzeni kwanza, mkubaliane, cheti kifuate.

Tatu, hukumu. Hizi ni za wazi, na tovuti ya Kenya Law inakuruhusu kusoma bure. Lakini ijue mipaka yake: nyingi ni za Mahakama Kuu kwenda juu, na kesi za kawaida za mahakimu nyingi hazimo. Kukosa jina la mtu mle hakumsafishi, na kulikuta hakumchafui, maana umeshajua habari ya Wafula. Ukilikuta, linganisha umri, kijiji, nambari ya kitambulisho kwenye faili lenyewe kortini.

Na ukishalifungua faili, anza na ukurasa wa mwisho. Kushtakiwa si kuhukumiwa. Ibara ya 50 ya Katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe. Ukiona kifungu cha 210 cha ile Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka, maana yake hakimu aliona hana hata kesi ya kujibu. Kifungu cha 215 ni uamuzi baada ya kusikilizwa pande zote, uwe wa hatia au wa kuachiliwa, kwa hiyo soma mstari mzima. Kifungu cha 87(a) ni upande wa mashtaka kuiondoa kesi, na hiyo inaweza kurudishwa. Wewe uliyewahi kuachiliwa, chukua nakala ya uamuzi iliyothibitishwa kwa muhuri wa korti, uihifadhi na cheti cha kuzaliwa. Alama zako zilichukuliwa siku ya mashtaka, na karatasi hiyo ndiyo utetezi wako.

Kwa walimu kuna njia nyingine: Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ikimwondoa mwalimu kwenye rejista, jina hutangazwa katika Gazeti Rasmi. Nalisoma kila ninapoajiri.

Hayo yote huja baada ya swali. Siku hizi, kabla ya eCitizen na kabla ya korti, nakaa na mtu, tunakunywa chai, nauliza: "Umewahi kushtakiwa? Niambie mwenyewe, nitakusikiliza." Dereva wa sasa alijibu kabla hajaweka kikombe chini. Alisema mwaka 2013 alikamatwa na chang'aa, pombe ya kienyeji, huko Kakamega, akahukumiwa na korti ya Butali, akafungwa miezi mitatu kwa kukosa faini. Akanipa nambari ya kesi kutoka kichwani. Nilipanda matatu hadi Butali, nikaandika barua yangu, nikasubiri faili. Umri wake, nambari yake ya kitambulisho, chang'aa lita nane, miezi mitatu, hakuna zaidi. Cheti cha DCI kilipotoka nacho kikasema vilevile alivyosema.

Tulipokea wazazi ofisini wiki hiyo, naye akiwepo, akawaeleza kwa kinywa chake. Mama mmoja alimhamisha mtoto, na sikumlaumu. Wengine kumi na tisa walibaki. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu anapiga honi mara moja tu langoni, anashuka, anawafunga watoto mikanda mmoja mmoja kabla ya kuwasha gari.