Anti, kule kituoni mnafanya nini?

Mwezi uliopita niliandika kwenye safu hii mstari mmoja tu: kwamba siku nikipumzika kazini hupitia kwenye kituo cha jamii ya LGBT, yaani wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenzao, hapa New York, kile cha West 13th Street, kusaidia kupanga viti. Barua zimemiminika. Wengine wana hofu, wengine wana hamu, wengine wanauliza kwa niaba ya "rafiki". Nimechagua saba. Majina nimeyaacha, na kwa baadhi yenu nimeacha hata mji, mnajua kwa nini.

Anti, niambie ukweli. Hapo mahali ni baa au klabu? Nina miezi minne Marekani, naishi Bronx, na naogopa kuingia nikakuta mambo nisiyoyaweza.

Si baa, mdogo wangu. Ni jengo la zamani, limejengwa mwaka 1844, na kwa miaka mingi lilikuwa shule. Kituo kilianzishwa 1983, na mwaka uliofuata kikalinunua jengo lile kutoka kwa Jiji kwa dola milioni 1.5. Angalia miaka hiyo. Ukimwi ulikuwa unafyeka watu, familia zilikuwa zinakataa kuchukua maiti za watoto wao, na watu wakahitaji paa la kukutania, kulia, kupanga. ACT UP, kundi lililoilazimisha serikali na kampuni za dawa kuharakisha matibabu, lilizaliwa ndani ya jengo hilo Machi 1987.

Siku hizi ukiingia unakuta watu wa kila aina. Chumba kimoja wamo wanaojaribu kuacha pombe au dawa za kulevya, kingine vijana na mambo yao. Kuna washauri nasaha, kuna maktaba, kuna duka la vitabu ghorofa ya pili. Ghorofa hiyo hiyo kuna chumba kilichokuwa choo, na kuta zake zote Keith Haring alizichora mwaka 1989. Miezi michache baadaye, Februari 1990, Ukimwi ukamchukua, ana miaka 31. Mimi huingia humo nikiwa na siku mbaya. Nasimama tu, natazama mistari ile myeusi, namwaza mtu aliyejua muda wake unakwisha na bado akashika brashi.

Jambo moja litakushangaza. Kwenye vikundi, watu wakijitambulisha husema jina, halafu husema wanapenda kuitwa "he" au "she" au "they". Siku yangu ya kwanza nilidhani nimesikia vibaya. Kisha nikafikiri: kwetu sote ni yeye. Yeye amekuja, yeye ameondoka, yeye ni mwenzetu. Lugha yetu haikuwahi kumuuliza mtu swali hilo. Nilipowaeleza, mtu mmoja aliyebadili jinsia aliniomba nimwandikie neno hilo kwenye karatasi. Aliliandika upya kwa mkono wake, akalikunja, akalitia mfukoni.

Salamu alaykum. Mimi ni mama, niko Mombasa. Kijana wangu yuko huko mwaka wa tatu. Nimeambiwa na watu kwamba huenda mahali hapo. Silali, mwanangu. Wamemharibu? Nimkate, nisiongee naye tena?

Alaykumu salaam, mama, na shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nne.

Hawajamharibu. Mtu haendi kituoni akafanywa kitu asichokuwa. Huenda kwa sababu kile alichokibeba peke yake tangu akiwa kwako hatimaye kimemlemea, akatafuta mahali pa kukitua. Wengi ninaowaona wakiingia mara ya kwanza hawaulizi habari za mapenzi. Wanauliza kama kuna mtu wa kuongea naye, kwa sababu hawalali, kama wewe usivyolala.

Nikupe kisa cha mama mwenzio. Jeanne Manford alikuwa mwalimu wa shule huko Queens, hapa hapa New York. Mwaka 1972 kijana wake, Morty, alipigwa vibaya kwenye maandamano ya kudai haki za watu kama yeye, huku polisi wakitazama. Mama yule hakuwa mwanaharakati. Alikaa chini akaandikia gazeti kwamba ana mwana mpenda jinsia yake na kwamba anampenda. Miezi miwili baadaye alitembea naye barabarani, mbele za watu, ameshika bango la kuwataka wazazi waungane kuwasaidia watoto wao. Machi 1973 akaitisha kikao cha kwanza cha wazazi kwenye kanisa la Kimethodisti. Walikuja watu kama 20. Kutoka kwenye viti vile vichache ndipo lilipotoka shirika la PFLAG, ambalo sasa lina matawi Marekani nzima. Na kanisa lile, mama, liko mtaa huu huu wa West 13th, hatua chache tu kutoka kituoni. Kila nikipita namkumbuka.

Sitakufundisha dini yako. Unaijua kunizidi, na dua zako ni zako. Nakuomba tu usimkate. Kijana aliyekatwa na mama yake ninamtambua kabla hajafungua mdomo. Simu yake ameilaza kifudifudi juu ya meza, kwa kuwa hakuna anayemtarajia. Lakini kuna mwingine, kijana wa pwani vilevile, aliyenisikilizisha ujumbe wa sauti kutoka kwa mamake. Hawajaelewana bado, hilo lote hawalizungumzi. Ujumbe una neno moja: "Umekula?" Ameuhifadhi. Husikiliza akiwa kwenye treni.

Mama, anza na hilo. Muulize amekula. Mengine yatakuja, au yatachelewa, lakini njia haitakuwa imezibwa.

Nilitoka Kampala, nina miezi kumi hapa. Naogopa kuomba hifadhi. Nasikia kituo kinatoa barua, ni kweli?

Ndugu yangu, weka barua pembeni kwanza, tazama kalenda. Sheria ya Marekani inataka ombi la hifadhi, fomu I-589, liwasilishwe ndani ya mwaka mmoja tangu ulipoingia. Kuna visamaha vichache kwa waliochelewa, lakini usijenge nyumba juu ya kisamaha. Wewe umebakiwa na miezi miwili.

Msingi upo. Mwaka 1990 bodi ya rufaa ya uhamiaji ilikubali kwamba asirudishwe kwao mwanamume kutoka Cuba aliyeteswa kwa kuwa mpenzi wa jinsia yake, na mwaka 1994 uamuzi huo ukafanywa mwongozo kwa kesi nyingine. Na sheria ya Uganda dhidi ya wapenzi wa jinsia moja, ile iliyosainiwa Mei 2023 yenye adhabu ya kifo ndani yake, haihitaji maelezo mengi. Lakini sheria ya nchini kwako peke yake haitoshi. Kesi husimama juu ya simulizi yako: nini kilikupata, lini, nani alifanya, kwa nini unaogopa kurudi.

Tafuta wakili. Lipo shirika la Immigration Equality, hapa New York, limekuwepo tangu 1994, linashughulika na wapenzi wa jinsia moja, waliobadili jinsia na wenye VVU, na halitozi pesa kwa kesi linazozichukua. Kimbia vishoka. Yule anayekuambia "nipe dola mia nane nikujazie fomu, nina mtu ndani" anaweza kukuandikia uongo ambao wewe ndiye utaulizwa mbele ya jaji. Mambo ya uhamiaji pia yamekuwa yakibadilika sana siku hizi, kwa hiyo usitegemee alichofanya rafiki yako mwaka juzi.

Barua ya kuonyesha kwamba unashiriki kwenye shughuli za jamii inaweza kuwa sehemu ya ushahidi. Waulize wahusika wa huduma za wahamiaji pale kituoni. Mimi nakuomba uje kwa sababu nyingine. Utatakiwa kuisimulia ile siku mbaya kwa wakili, kwa ofisa, pengine kwa jaji, tena na tena, kwa tarehe na saa. Nimeona watu wazima wakitoka kwa wakili wakashindwa kufunga vifungo vya koti. Usirudi chumbani peke yako baada ya siku kama hiyo. Pita, keti na mshauri, au keti tu.

Nina VVU. Nikijitokeza kupata huduma, si watanirudisha nyumbani?

Hapana. Zuio la kuwazuia wenye VVU kuingia Marekani liliondolewa Januari 2010. Kliniki za afya ya uzazi na ngono za Jiji la New York zinahudumia watu bila kujali hali yao ya uhamiaji. Ukimeza dawa zako vizuri mpaka virusi visionekane kwenye kipimo na vikabaki hivyo, huwezi kumwambukiza mwenzio kwa ngono. Hilo limethibitishwa, wala si maneno ya kukufariji. Na kwa anayesoma hili akiwa hana virusi: PrEP ni dawa ya kutumia kabla, kwa kinga. PEP ni dawa ya baada ya hatari, na lazima ianze ndani ya saa 72. Usingoje Jumatatu.

Anti, mimi si kijana. Nina miaka 63, mke wangu alitangulia mbele ya haki, watoto wako mbali. Sijawahi kumwambia mtu yeyote. Mtu wa rika langu ataenda hapo kufanya nini, kukaa na watoto?

Kaka yangu, pole kwa msiba, na asante kwa kunichagua kuwa wa kwanza.

Wa rika lako wapo, na wako wengi. New York ina shirika la SAGE, lilianzishwa 1978 mahsusi kwa wazee wa LGBT, lina vituo vyake vya wazee ambako watu hula pamoja, hucheza karata, hufanya mazoezi. Kituoni kwetu pia utawakuta. Mmoja hukaa dirishani na gazeti lake, na vijana hupitia kwake mmoja mmoja kumwamkia kwa namna yao. Yeye ni wa ule umri uliozika marafiki kila wiki miaka ya themanini. Akisimulia, chumba hunyamaza.

Huna haja ya kumwambia mtu chochote siku ya kwanza, wala ya kumi. Huna haja ya kumkana marehemu mkeo pia. Ulimpenda kwa namna uliyompenda, hakuna atakayekudai hesabu. Nenda ukale. Nenda wiki ya pili ukae meza ileile. Kwenye upatu, asipofika mtu mmoja wote wanauliza yuko wapi, si kwa sababu ya pesa tu. Nataka uwe na meza ambayo usipofika wanauliza. Kwa maoni yangu hapo ndipo afya inapoanzia, kabla ya daktari.

Na usiku ukiwa mzito mpaka ukafikiria kuondoka duniani, piga 988 papo hapo, ndiyo namba ya msaada hapa Marekani. Ni bure, saa 24. Tafadhali.

Huku kwetu Afrika Mashariki vitu hivyo haviwezekani. Kusoma habari za kituo chenu ni kama kutazama chakula kupitia dirishani.

Najua, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tanzania, mwaka 2017 serikali ilizuia vituo 40 kutoa huduma za Ukimwi kwa makundi ya aina hii. Kenya, vifungu vya 162 na 165 vinavyoharamisha mapenzi ya jinsia moja bado vipo, Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta Mei 2019. Ila Kenya hiyohiyo, Februari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba kukataa kulisajili NGLHRC, shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, ni kuwabagua watu katika haki yao ya kujumuika. Walipigania usajili ule miaka kumi.

Lakini wewe hukuniuliza habari za mahakama. Kituo hiki kabla hakijawa jengo kilikuwa watu kadhaa wanaoaminiana. Nawajua wanne, mji siutaji, wanaocheza mchezo wa pesa kila mwezi kama akina mama wowote wa mtaa. Anayepokea hupika. Hawana jina, hawana kundi la WhatsApp, hawapigi picha. Lakini kila jioni mmoja wao ana zamu ya kuwapigia wengine watatu kuuliza habari za leo, na asiyepokea simu hufuatwa nyumbani asubuhi. Mwaka jana zamu hiyo ilimkuta mmoja wao ana homa kali ya siku mbili, hawezi hata kusimama. Chagua watu wako polepole. Watatu unaowaamini wanatosha kuanzia.

Ni yule wa Bronx tena. Nikija, nije na nini?

Njoo mikono mitupu. Panda treni namba 2, shuka 14th Street, tokea upande wa 13th. Ukifika mapokezi watakuuliza unatafuta nini. Ukishindwa kujibu sema ni mara yako ya kwanza, watakuelekeza. Viti huanza kupangwa nusu saa kabla ya kikundi. Njoo muda huo kama kukaa bure kunakutia wasiwasi, maana viti ni vingi na mimi mgongo unaniuma.