Barua kwa mwanangu kuhusu huzuni na watu

Bombo

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma mara nyingi kabla ya kushika kalamu, kwa sababu swali lako halistahili kujibiwa kwa simu huku majirani wakiingia na kutoka. Unasema kwamba tangu tulipomzika mdogo wako unaswali, unafunga na kusikiliza mawaidha hadi usiku wa manane, lakini moyo umebaki mkavu. Na kila ninapokuhimiza uje nyumbani au ukakae na watu msikitini, unajiuliza watu wataweza nini juu ya maradhi ya roho, ilhali mponyaji ni Mungu peke yake. Umenikumbusha pia maneno ya Nabii Yaakubu katika Sura Yusuf, kwamba alimshitakia Mwenyezi Mungu tu masikitiko na huzuni yake.

Nianze hapo ulipoanzia wewe. Aya hiyo ni ya 86, nami nakuomba usiifunge sura kabla ya kuimaliza. Mzee yule alikuwa amewapa wanawe mgongo, akalia mpaka macho yake yakaingia weupe. Lakini mara tu baada ya maneno hayo unayoyashikilia, aliwageukia wanawe wale wale waliomuumiza, akawatuma wakamtafute Yusuf na nduguye, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mungu. Kisha tazama uponyaji wenyewe ulivyokuja. Mungu, ambaye angeweza kumrudishia macho kwa neno moja, alipenda dawa hiyo itoke Misri ikiwa kanzu ya mtoto wake, ichukuliwe na mikono ya watu, iwekwe usoni pake. Aliyeponya ni Mungu, hilo hatubishani. Ila hakumponya akiwa peke yake.

Ndiyo maana hata swala, ambayo ni jambo la mja na Mola wake kuliko jambo lolote, Mtume alitufundisha kwamba ya jamaa inaizidi ya mtu peke yake kwa daraja 27. Tena iko Hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, kwamba Siku ya Kiyama Mungu atamwambia mwanadamu: niliugua, nawe hukuja kunitazama, na mja atakaposhangaa, ataambiwa kuwa lau angemtembelea fulani aliyekuwa mgonjwa, angemkuta Mungu kwake. Sasa mgonjwa ni wewe, mwanangu, na unapofunga mlango unawanyima na wenzako njia hiyo.

Usidhani haya ni maneno ya wazee tu. Tulipofunzwa kazi ya wahudumu wa afya wa vijiji, tulielezwa habari ya Masaka na Rakai, wilaya za hapa Uganda zilizoumizwa vibaya na Ukimwi. Mwaka 2002 watafiti walioongozwa na Paul Bolton waliwatafuta watu wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, katika vijiji 30, na katika baadhi ya vijiji hivyo wakaanzisha vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, vilivyokutana kila wiki kwa wiki 16. Viongozi hawakuwa madaktari. Walikuwa wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Hawakugawa vidonge. Watu waliketi wakazungumza kuhusu msiba, ugomvi wa nyumbani, maisha yaliyobadilika ghafla na upweke. Mwanzoni watu wapatao 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na sonona kali, na mwishoni walibaki kama 6 au 7. Katika vijiji visivyopata vikundi walibaki zaidi ya nusu. Watafiti hawakuzungumzia roho, na sitawawekea maneno mdomoni, lakini aliyekuwa ameichoka nafsi yake akaipenda tena, mimi namhesabu kuwa ameponywa mahali ambapo sindano haifiki.

Nami nitakueleza jambo ambalo hukuliona, kwa kuwa ulikuwa upande wa wanaume. Siku ya pili ya matanga, wakati kila aliyeingia ananiambia ni kazi ya Mungu, nisijue nimjibu nini, aliingia yule jirani anayeuza mkaa. Hakusema kitu. Aliketi nyuma yangu mkekani, akanivua mtandio, akaanza kuzifumua nywele ambazo sikuwa nimezigusa tangu tulipokuwa hospitali, akazipaka mafuta na kuzisuka upya, vidole vyake vikiwa bado na weusi wa mkaa kwenye kucha. Kabla hajamaliza upande mmoja nilikuwa nalia, na usiku huo nilipoinua mikono kuomba dua, maneno yalikuja yenyewe.

Sikutumi kwa kila mtu. Wapo wanaokuja msibani kuhesabu sahani, na wapo wanaokuhubiria kabla hawajakusikiliza; hao waamkie, kisha uwapite. Na ikiwa usingizi umekukimbia kabisa, au fikra za kifo zinakujia, nenda Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili kule Kampala, wala wasikutishe wanaolifanya jina la hospitali hiyo kuwa tusi, kwani daktari naye ni binadamu ambaye Mungu amempa mkono wa kutibu.

Alhamisi mjomba wako atakuwa Kampala, sokoni Kikuubo, kuchukua bidhaa za duka, na atakupitia jioni. Panda naye gari. Hatakuuliza maswali, nimekwisha kumkataza. Ijumaa baada ya swala, vijana waliokuwa wakicheza mpira na mdogo wako wanataka kukaa nawe. Wana habari zake nyingi ambazo wewe na mimi hatukuzijua, nyingine za kuchekesha, na wamekuwa wakisubiri ndugu yake wa kumsimulia. Ukija, nipitie pia duka la dawa uninunulie vidonge vyangu vya presha, maana vya hapa vimekwisha.

Wako,
Mama