Chapati haipandishi sukari haraka

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mama yangu ana miaka 68, anameza glibenklamidi, dawa ya kisukari, asubuhi na jioni. Juzi alimeza dawa lakini hakula. Alfajiri tukamkuta amelowa jasho, anatetemeka, maneno hayaeleweki. Tulimpa chapati na chai isiyo na sukari, akakawia kupata nafuu. Tulikosea wapi?

JIBU: Hizo ni dalili za sukari kushuka, yaani chini ya 3.9 mmol/L kwenye kipimo cha damu. Mkikosa kipimo, msingoje: mtibuni. Chapati ina mafuta, na mafuta hulichelewesha tumbo kusukuma chakula. Korogeni vijiko vitatu vya chai vya sukari, vilivyojaa, katika nusu glasi ya maji, anywe yote. Soda ya kawaida, mililita 150, inafaa pia; ile isiyo na sukari ni kazi bure. Pimeni baada ya dakika 15. Bado iko chini? Rudieni. Ikishapanda, ndipo chapati ina kazi.

Akizimia au akishindwa kumeza, msimtie kitu mdomoni, kitampalia. Mlazeni ubavu, mkimbizeni hospitali.

Hata akizinduka apelekwe. Glibenklamidi hulisukuma kongosho kutoa insulini, inayoshusha sukari, hata tumbo likiwa tupu, na hukaa mwilini muda mrefu, hivyo sukari yaweza kushuka tena ndani ya saa 24. Figo zikiwa zimechoka, hukaa zaidi. Kwa umri wa mama, binafsi nisingependa aendelee nayo. Ombeni apimwe figo na mumuulize daktari wake kuhusu gliklazidi, dawa nyingine ya kisukari.