Miaka 60 na Appalachian Trail? Inawezekana
Kwa anayeuliza kama miaka 60 ni kuchelewa kutembea Appalachian Trail, ile njia ndefu ya miguu ya milimani mashariki mwa Marekani, yote kwa mpigo, hapana kabisa. Emma Gatewood alikuwa na miaka 67 alipoimaliza peke yake 1955, bibi mwenye wajukuu, raba miguuni na mfuko aliojishonea mwenyewe begani, hema hana, na 1957 akairudia tena. Ila usidhani ni matembezi ya jioni, ni kama kilomita 3,500 toka Georgia mpaka Maine, wengi inawachukua miezi mitano mpaka saba, na kinachowatoa watu mapema mara nyingi ni kukimbiza kilomita wiki ya kwanza na begi limejaa makorokoro, magoti yanagoma, tena kushuka ndo kunaumiza kuliko kupanda. Anza mdogo mdogo, beba fimbo mbili, punguza mzigo mpaka uone aibu. Ukianzia kusini anza Machi au Aprili, maana mlima Katahdin kule mwisho ikishafika katikati ya Oktoba hali ya hewa inaweza kukukatalia. Halafu wenzio wa njiani watakupa jina la utani, ndo desturi ya huko, lako la kweli hakuna atakayeliuliza.