Kwa aliyeuliza kuhusu kaka yake mwenye TB: sahani ziacheni, fungueni dirisha

Dada mleta uzi, nimesoma maswali yako na komenti zilizofuata, na baadhi ya komenti zimenitisha kuliko ugonjwa wenyewe. Kwa ambao hawajapitia kule juu: kaka yake alikohoa muda mrefu, kipimo cha kwanza cha makohozi kikatoka hasi, akapewa dawa za kifua za kawaida. Hakupona. Alipopimwa tena kwa mashine ikaonekana ni TB ya mapafu, na wiki hii ameanza dawa. Familia imemtengea sahani, kikombe na shuka, wamemhamishia chumba cha nyuma na dirisha wamelifunga ili baridi isimpige. Anauliza kama hiyo inatosha, kwa nini kipimo cha kwanza hakikuona kitu, na watoto wawili wadogo wa nyumba hiyo wafanyiwe nini.

Mimi ni mtu wa maabara, miaka mingi nimekaa mbele ya darubini nikisoma slaidi za makohozi. Nitajibu zaidi upande ninaoujua. Mambo ya dozi ya kaka yako aulizwe anayemtibu.

Sahani kwanza, tuimalize. TB ya mapafu haipiti kwenye sahani, kijiko, shuka, kiti cha choo wala kupeana mikono. Vyombo vyake vioshwe na vya wengine, basi.

Inapita hewani. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, kuongea au kuimba, anatoa matone ya ukubwa mbalimbali. Makubwa yanaanguka chini na habari yake inaishia hapo, kwa sababu makohozi yaliyokauka kwenye kitambaa au sakafu ni vigumu sana yapeperuke tena yakiwa madogo kiasi cha kufika ndani ya mapafu. Madogo ndiyo yenye kazi. Yanakauka yakiwa bado hewani na kubaki chembe za maikromita 1 hadi 5, nyepesi kiasi kwamba zinaelea kwa saa kadhaa kwenye chumba kisicho na upepo, na ndogo kiasi cha kupita puani na kooni bila kunaswa hadi kwenye vifuko vya hewa. Aliyekohoa anaweza kuwa ameshatoka chumbani, wewe ukaingia ukavuta alichoacha.

Hili si la kukisia. Miaka ya 1950 huko Baltimore, Marekani, Richard Riley na mwalimu wake William Wells walichukua hewa ya vyumba walimolazwa wagonjwa wa TB, wakaipitisha kwenye mabomba hadi juu ya jengo walikofuga simbilisi, wanyama wadogo wa maabara. Simbilisi hawakumgusa mgonjwa yeyote wala kula alichokula, walivuta hewa yake tu, na waliambukizwa. Kundi jingine lilipewa hewa hiyohiyo baada ya kupigwa mwanga wa urujuanimno (UV) unaoua vimelea, na hao hawakuambukizwa. Jambo la tatu ndilo linalokuhusu wewe: wagonjwa walioanza dawa zinazofaa walikuwa hawaambukizi simbilisi ila kwa nadra, ukiwalinganisha na ambao hawajaanza. Waliobaki hatari ni wale ambao vimelea vyao vilikuwa sugu kwa dawa walizopewa.

Kwa hiyo hicho chumba cha nyuma chenye dirisha lililofungwa ndicho kitu kibaya kuliko vyote mlivyofanya, na mmekifanya kwa upendo. Mmekusanya hewa yake sehemu moja, halafu mtu anaingia kumpelekea chakula na kukaa naye kidogo. Fungueni dirisha, na kama kuna dirisha au mlango upande wa pili fungueni pia ili hewa ivuke. Baridi haileti TB wala haiizidishi, apewe blanketi. Utafiti uliofanyika hospitali za Lima, Peru, na kuchapishwa 2007, ulikuta wodi za zamani zenye dari refu na madirisha makubwa yaliyo wazi zinabadilisha hewa vizuri kuliko vyumba vipya vyenye mitambo ya kusukuma hewa. Mchana akae nje kadiri anavyoweza, maana nje hewa inamtawanya mdudu na jua linamuua.

Hapa kuna kitu nakiona kila siku kazini na kinanichekesha kwa uchungu. Ndugu wa mgonjwa anakuja dirishani kwetu na kopo la makohozi amelifunga mifuko miwili, analishika kwa ncha za vidole, akishalikabidhi ananawa hadi kwenye kiwiko. Kisha anarudi kukaa kwenye chumba cha kusubiria kilichojaa watu, madirisha yamefungwa, jirani yake anakohoa bila kufunika mdomo. Kopo lililofungwa vizuri halina shida na mtu.

Kuhusu kumtenga: wiki hizi za mwanzo alale chumba chake peke yake kama nafasi ipo, avae barakoa akiwa ndani na wengine, afunike mdomo akikohoa. Watu husema wiki mbili, na ni makadirio ya tahadhari; kwa dawa zinazofanya kazi, kuambukiza kunashuka haraka kuanzia siku za mwanzo. Wale mnaoandika kwamba apelekwe mbali mpaka apone, swali hilo lilishajibiwa Madras, India, miaka ya 1950. Wagonjwa waligawanywa, wengine wakatibiwa wodini na wengine nyumbani kwao, kwenye nyumba zilizobanana na chakula cha shida. Waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawa na wa wodini, na familia zao hazikuugua zaidi ya familia za wale waliolazwa. Familia nyingi zilikuwa zimeshaambukizwa kabla ugonjwa haujajulikana. Miezi ile kaka yako anakunywa dawa za kifua na kulala chumba kimoja na watu ndiyo iliyokuwa ya hatari.

Sasa kipimo cha kwanza. Unasema kilidanganya. Ngoja nikuonyeshe tunachofanya, utaona kinaweza kukosa bila mtu yeyote kuzembea, ingawa uzembe nao upo.

Kopo likifika, tunaangalia kwanza kilichomo. Makohozi yenyewe ni mazito, yanavutika, yana rangi ya njano au kijani, wakati mwingine na damu. Mate ni maji yenye povu. Kwa kijiti nachota sehemu nzito kabisa, naipaka kwenye kioo, inakauka, naishikiza kwa moto. Namwaga rangi nyekundu na kuipasha kutoka chini mpaka itoe mvuke, isichemke. Mdudu wa TB amevaa ganda lenye nta, na rangi ikishaingia kwa msaada wa joto haitoki tena. Nikimwaga asidi, karibu bakteria wengine wote wanaachia nyekundu, yeye anaing'ang'ania. Mwisho naweka rangi ya bluu ili vingine vyote viwe bluu. Ukitazama kwenye darubini unaona uwanja wa bluu na ndani yake vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimepinda kidogo, vingine vimelala viwili viwili. Kisha unasogeza kioo eneo moja baada ya jingine hadi maeneo 100 kabla ya kuthubutu kuandika hasi.

Tatizo ni hesabu. Ili nikutane na hivyo vijiti, mililita moja ya makohozi lazima iwe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000. Mtu mwenye 2,000 ni mgonjwa kabisa, na mimi nitaandika hasi kwa haki. Mwenye VVU na mtoto mdogo mara nyingi wako kundi hilo. Ukiongeza na mtu aliyetema mate ili aondoke apate foleni nyingine, umepoteza kipimo. Niliwahi kumrudisha mzee mmoja aliyeleta povu tupu. Akakasirika, nikamtoa nje uani nikamweleza namna: sukutua mdomo kwa maji, vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, ibane, kisha kohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Alichotoa safari hiyo hakikuhitaji maeneo 100. Ya asubuhi, kabla hujala, ndiyo bora, kwa sababu yamekusanyika usiku. Na mkohoe nje, si chooni wala kwenye korido.

Kwa wanaouliza alama kwenye majibu: 1+ maana yake tumeona vimelea 10 hadi 99 kwenye maeneo yote 100, 2+ ni kimoja hadi 10 kwa kila eneo, 3+ ni zaidi ya 10 kwa kila eneo. Kwa jumla, alama ikiwa kubwa, anavyoambukiza kabla ya dawa ni zaidi. Ikiandikwa namba tupu kama 4, ni vimelea vinne tu vilivyoonekana, na hiyo si hasi.

Mashine aliyopimiwa mara ya pili nadhani ni GeneXpert, iliyoidhinishwa na WHO mwishoni mwa 2010. Hiyo haitafuti umbo la mdudu, inatafuta vinasaba vyake, na jibu linatoka ndani ya saa mbili. Inatosheka na vimelea 130 hivi kwa mililita, na katriji zake za kizazi kipya hata chini ya 20. Halafu inatoa jibu la pili muhimu, kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, moja ya dawa kuu za TB. Tafuta karatasi ya majibu uangalie mstari huo. Kama usugu haukuonekana, yale niliyosema kuhusu dawa kupunguza maambukizi haraka yana uwezekano mkubwa wa kumhusu. Kama ulionekana, dawa zake ni tofauti kabisa na mfuate kituo leo, usisubiri miadi.

Kuotesha vimelea maabara bado ndicho kipimo cha juu, ila mdudu huyu anajigawa mara moja kwa saa 20 hivi wakati bakteria wa kawaida wa tumboni anajigawa kwa dakika 20. Jibu linaweza kuchukua wiki sita hadi nane. Hakuna anayesubiri hilo ndipo aanze kutibu.

Watoto. Hapa ndipo ningependa wasiwasi wa sahani uhamie. Wapelekwe wote wawili, hata kama hawakohoi. Aliye chini ya miaka mitano akiambukizwa anaugua upesi, na kwake TB hupenda kukimbilia kwenye ubongo au kusambaa mwilini. Chanjo ya BCG inamkinga kiasi dhidi ya aina hizo kali, lakini si sababu ya kumwacha nyumbani. Kwa mtoto msisubiri kikohozi kikubwa: haongezeki uzito, hachezi kama zamani, ana homa zisizoeleweka. Mtoto hajui kutoa makohozi, kwa hiyo tunaweza kutumia majimaji ya tumboni aliyomeza usiku, au hata choo chake, kwenye mashine ileile. Wakionekana hawana ugonjwa, watapewa tiba kinga ili kilichoingia kisiamke. Akina mama wengi hukataa hapo, wanasema mtoto mzima anapewaje dawa. Ndiyo maana ya kinga. Watu wazima wa nyumba nao wachunguzwe, hasa mwenye VVU, kisukari au mjamzito.

Kipimo cha sindano ya ngozi mkononi kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, na kinachopimwa ni uvimbe mgumu, si wekundu. Kikiwa chanya kinasema mdudu aliwahi kuingia, hakisemi kama anaumwa. Inakadiriwa robo ya watu duniani wanaye mdudu huyu mwilini, na wengi wao hawataugua maisha yao yote wala kumwambukiza mtu.

Kuna mdau kaandika kwamba TB ni ya wenye VVU tu. Si kweli. WHO ilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB mwaka 2023, na wenye VVU kati yao hawakufika mmoja katika kila 10. Maneno kama hayo ndiyo yanayomfanya mtu afiche kikohozi miezi mitatu.

Vidonge: kwa TB isiyo sugu, kawaida ni dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Atajisikia vizuri ndani ya wiki chache na hapo ndipo wengi huacha. Wadudu wanaojigawa haraka wamekufa, waliolala bado. Na kwa nini ziwe nyingi: Uingereza walipojaribu streptomaisini peke yake, majibu yaliyochapishwa 1948, wagonjwa walipata nafuu kwanza, kisha wengi wakabeba wadudu wasiosikia dawa hiyo. Mkojo wake utakuwa wa rangi ya chungwa, hiyo ni rifampisini, msishtuke. Macho yakiwa ya njano, akitapika sana, au akianza kuona rangi vibaya, arudi kituoni siku hiyohiyo. Dada zangu mnaotumia vidonge vya uzazi wa mpango na mko kwenye rifampisini, inavipunguza nguvu, ongeeni na mhudumu mbadilishiwe njia.

Mwisho, kwa yule aliyeuliza kama atarudia GeneXpert ili ajue amepona: hapana, kwa kufuatilia tiba tunarudi kwenye darubini au kuotesha, kwa sababu ile mashine inaweza kusoma vinasaba vya wadudu waliokwishakufa na kukutia wazimu bure. Kipimo cha kwanza cha kufuatilia kwa kawaida huwa mwisho wa mwezi wa pili. Kaka yako akifika hapo na kifua kimekauka, aseme wazi kwamba makohozi hayatoki, mhudumu ataandika hivyo na kuamua. Asijaze kopo mate.